Mkulima wa Mdomo

Kabla ya mwaka ule wa korona, ukimuuliza Wabuge kazi yake, alikuwa anakujibu haraka kwamba yeye ni mkulima. Ukarani wa stoo katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Eldoret, kazi aliyoifanya miaka kumi na minne na ambayo ndiyo iliyolipa kodi ya nyumba yake Yamumbi, aliutaja baadaye na kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ugonjwa wa kumeza dawa kila siku.

"Hiyo ni ya kupitisha wakati tu," alikuwa akisema. "Moyo wangu uko shambani."

Na ni kweli moyo ulikuwa shambani. Mwili ndio ulikuwa haujafika.

Shamba lenyewe lilikuwa ekari moja na nusu, la kukodi kutoka kwa Mzee Kigen, mwenyeji wa pale, mwenye ng'ombe sita na macho yasiyopitwa na kitu. Aliyelilima ni mke wa Wabuge, Nakhumicha. Kwao Bungoma jina hilo hupewa msichana aliyezaliwa msimu wa kupanda, na Wabuge alipenda sana kuwaeleza watu maana yake. Alieleza kwa majivuno, utadhani yeye ndiye aliyezaliwa msimu huo.

Mchango wa Wabuge katika kilimo ulikuwa vifaa. Alikuwa na gambuti nyeusi za mpira zinazong'aa, kofia pana ya majani, na redio ndogo ya kusikilizia vipindi vya wakulima. Kila Jumapili baada ya kanisa alivaa gambuti, akaenda akasimama mwisho wa shamba, mikono nyuma, akalitazama kama mkaguzi wa shule. Kisha akasema, "Mahindi iko sawa," akarudi nyumbani kula. Jumatatu asubuhi, katika hoteli ya Mulongo alikopitia chai kabla ya kwenda kazini, aliwafundisha watu habari za mbolea. Na huko hotelini shamba lilikuwa linakua. Mwaka wa kwanza lilikuwa ekari tatu. Mwaka uliofuata likawa tano. Kufikia mwaka ule wa korona lilikuwa limetimia ekari kumi, bila mvua wala samadi.

Basi korona ikaja. Mwezi wa nne duka likapunguza watu, na Wabuge akaambiwa akae nyumbani bila mshahara mpaka atakapoitwa. Wiki hiyo hiyo soko la wazi alikouzia Nakhumicha likafungwa. Alikuwa na kabeji mia tatu zilizokomaa, na kabeji haijui amri ya serikali, ikikomaa imekomaa. Nyingine zilipasuka zikiwa shambani, nyingine akampa Mzee Kigen alishie ng'ombe, naye Mzee akawa anawaletea maziwa. Shule zikafungwa pia, na watoto wao watatu wakarudi nyumbani kwa kazi moja tu, kula.

"Sasa baba Nanyama," Nakhumicha alimwambia jioni moja, Nanyama akiwa binti yao wa kwanza, "moyo wako uko shambani siku mingi. Kesho twende ukaufuate."

Wabuge akaenda. Siku ya kwanza alilima mistari mitatu, akapata malengelenge manne. Siku ya pili mgongo ukakataa kunyooka. Siku ya tatu aligundua kwamba kipaji chake kiko kwenye masoko. Hati yake ilikuwa nzuri sana, kila mtu alijua, basi akachukua kipande cha mbao na rangi iliyobaki, akaandika KABEJI FRESHI HAPA kwa herufi ambazo hata ofisi ya serikali ingezionea wivu. Akakitundika kibao kando ya barabara, akaketi chini yake kutwa nzima. Watu walikuwa wamejifungia majumbani. Mtu pekee aliyesimama kukisoma ni Mzee Kigen, aliyetaka kujua kwa nini kibao kimepigiliwa misumari kwenye nguzo ya ua wake.

Mwezi wa sita chifu akaita baraza. Watu wakaketi nyasini, mita moja kati ya mtu na mtu, barakoa usoni. Chifu akatangaza kwamba serikali imetenga pesa za kuwafaa wakulima wadogo waliopoteza mazao kwa sababu ya korona. Kila nyumba ingepata shilingi elfu kumi, mara moja tu, kwa njia ya simu. Masharti yalikuwa matatu. Shamba lisizidi ekari tano. Nyumba moja jina moja. Na jina hilo liwe la yule anayelima, kwa sababu afisa wa kilimo angepita shamba kwa shamba kuhakikisha.

Mtu mwenye busara angenyamaza na kusubiri listi ipite. Wabuge akasimama.

"Chifu," akasema, akikohoa kidogo kusafisha koo, jambo ambalo siku zile lilifanya watu watatu wasogee mbali, "kwanza kwa niaba yetu sisi wakulima ningependa kushukuru. Sisi wakulima tumeumia. Mkulima ndiye uti wa mgongo. Ningependa kuuliza, mkulima wa kiwango changu..."

"Wewe una ekari ngapi, Wabuge?" chifu akamkatiza, kalamu mkononi.

Wabuge akatazama mbele, akamwona Mulongo mwenye hoteli amegeuka mzima mzima kumwangalia. Barakoa ilimfunika Mulongo mdomo na pua, lakini masikio yake yalikuwa yamepanda juu, na Wabuge alijua chini ya kile kitambaa kuna kicheko kinachosubiri ruhusa. Akapiga hesabu. Ekari kumi ilikuwa heshima bila pesa. Ekari moja na nusu ilikuwa pesa bila heshima.

"Moja na nusu," akasema ndani ya barakoa.

"Sikusikia. Hebu teremsha hiyo kitu useme."

Wabuge akateremsha barakoa hadi kidevuni. "Moja na nusu! Ya kukodi!"

"Na ile ingine nane na nusu," akauliza Mulongo kwa upole mkubwa, "imechukuliwa na korona?"

Baraza zima likacheka. Hata chifu, aliyejaribu kujificha kwenye karatasi zake, mabega yalimsaliti. Wabuge hukiri hadi leo kwamba swali lile lilikuwa zuri, na kwamba kama angeulizwa mtu mwingine, yeye ndiye angecheka kuliko wote.

Nyumbani kulikuwa na jambo la jina. Nakhumicha alikuwa akichambua maharagwe kwenye uteo, hakuinua kichwa.

"Andika langu," akasema. "Wamesema anayelima."

"Mama Nanyama, kichwa cha nyumba ni nani?"

"Ni wewe."

"Sasa serikali ikija kwa nyumba inaongea na nani? Na mguu?"

Nakhumicha akatupa jiwe dogo nje ya uteo. "Sawa. Kichwa kiandikwe. Na kichwa ndio kitaulizwa maswali, mimi sitakuwa mdomo wa mtu."

Jina la Wabuge likaandikwa, na mbele yake, kwa hati yake nzuri, neno *mkulima*.

Afisa alikuja Alhamisi. Asubuhi hiyo Wabuge aliziangalia gambuti zake akaona zimemsaliti. Zilikuwa safi kama za dukani. Akaenda penye bomba la maji, akasimama kwenye tope akakanyagakanyaga mahali pamoja kama bata, mpaka zikafika rangi aliyoitaka. Akachukua jembe la mkewe, akaliweka begani. Akaliteremsha. Akaliweka bega la pili.

"Hiyo jembe umeishika kama gitaa," Nakhumicha alimwambia, akapita zake kwenda kupalilia.

Afisa mwenyewe alikuwa msichana wa miaka ishirini na sita hivi, Cynthia Jepkosgei, mzaliwa wa upande wa Plateau. Alishuka kwenye bodaboda na fomu zake zimebanwa kwenye ubao, viatu vya kazi miguuni, na tope la viatu vile lilikuwa tope la kweli, la mashamba matano ya asubuhi ile. Wabuge aliliona akajisikia kama mtu aliyevaa medali ya kununua.

"Mzee, wewe ndio mkulima wa hapa?"

Wabuge alikuwa na miaka arobaini na mitano na neno mzee lilimchoma kidogo, lakini mkulima hukubali kuitwa mzee. "Ndio mimi, madam. Karibu sana kwa shamba yangu."

"Asante. Tuanze na mahindi. Ulipanda lini?"

Wabuge akatabasamu. Hili alilijua, redio ilikuwa imelisema mara nyingi. "Mwezi wa tatu, mvua ilipoanza."

Nyuma ya Cynthia, hatua kumi hivi, Nakhumicha alikuwa ameinuka. Alikuwa ameapa kutokuwa mdomo wa mtu, lakini elfu kumi ni elfu kumi, na sukari ilikuwa imeisha tangu Jumatatu. Akatikisa kichwa, akainua vidole vinne.

Wabuge akaviona. "Yaani, kusema kabisa," akaongeza, "tarehe nne."

Cynthia akaacha kuandika. "Tarehe nne mwezi wa tatu? Mzee, siku hizo kulikuwa na vumbi mpaka kwa macho."

"Hapa kwetu kulikuwa kumenyesha kidogo."

"Kwenu hapa peke yenu?"

"Kidogo tu, madam."

Cynthia akaandika kitu kirefu kuliko jibu. "Na mbegu ulipanda gani?"

Mkewe akajaribu tena. Safari hii alilitamka jina polepole, kwa kupanua midomo, akasahau kwamba amevaa barakoa. Wabuge aliona kitambaa tu kikipanda na kushuka, kama gunia lenye kuku ndani. Ikabidi ajitegemee, akaitaja kwa sauti kubwa mbegu ambayo alikuwa ameisifu hotelini miaka yote.

Cynthia akanyoosha kalamu. Mwisho wa mstari wa kwanza wa mahindi kulikuwa na kijiti kimechomekwa ardhini, na juu ya kijiti kulikuwa na pakiti tupu ya mbegu, yenye jina jingine kabisa, kwa maandishi mekundu ambayo mtu angeyasoma akiwa barabarani. Nakhumicha ndiye aliyeiweka, asije akasahau alichopanda. Pakiti ilikuwa pale tangu mwezi wa nne. Jumapili zote hizo Wabuge alikuwa akisimama kando yake, mikono nyuma, akisema mahindi iko sawa.

"Labda nilichanganya," akasema.

"Labda," akakubali Cynthia. "Hebu nionyeshe mipaka."

Hapo Wabuge akapata nguvu mpya. Kutembea alijua. Akatangulia, kifua mbele, akimwonyesha Cynthia hiki na kile, akateremka mpaka upande wa chini ambako kulikuwa na maharagwe mazito, ya kijani iliyokolea, hayana gugu hata moja. Akasimama katikati yake akatanua mikono.

"Hapa ndio najivunia, madam. Hii maharagwe nimepalilia mimi mwenyewe, mara tatu."

Mtu akakohoa upande wa pili wa michongoma. Mzee Kigen akatokea na fimbo yake, akasimama, akawasalimia kwa adabu, kwanza Cynthia kwa lugha yao, kisha Wabuge kwa Kiswahili.

"Karani, pole na kazi," akasema. "Nimekuwa nashangaa ni nani ananipalilia."

Wabuge akateremsha mikono.

"Mpaka ni ule mti," Mzee akaongeza kumsaidia, akionyesha mti uliokuwa umeshapitwa kwa hatua thelathini. "Lakini kama unataka kuendelea na palizi, mimi sina shida."

Wakarudi juu, Wabuge nyuma safari hii. Mzee Kigen naye, ambaye asubuhi ile alisema ana haraka ya kupeleka ng'ombe joshoni, akawafuata na kuegemea ua. Ng'ombe wangengoja.

Mtu akizama hushika hata povu. Wabuge akalivuta jembe kutoka begani. "Madam," akasema, "maswali ni maneno tu. Wacha nikuonyeshe kazi." Akaangalia huku na huko akitafuta magugu, akayaona. Kando ya kabeji zilizobaki kulikuwa na vimche vidogo vya majani ya kijani kibichi, vimejipanga, vinafika kifundo cha mguu. Akainama akaanza kukata. Na kusema kweli alikata vizuri. Jembe lilipanda na kushuka, udongo ukaruka, na kwa mara ya kwanza maishani mwake Wabuge akajisikia mkulima.

"Baba Nanyama!" Nakhumicha akaita.

Wabuge alidhani anashangiliwa. Akaongeza kasi.

"Baba Nanyama! Weee!"

Akamaliza mstari wa kwanza, akageukia wa pili, na alikuwa ameufikisha karibu na mwisho wakati mkewe alipofika mbio na kuushika mpini kwa mikono miwili.

"Hiyo ni managu!"

Managu ndiyo mboga iliyokuwa imewashikilia. Soko likiwa limefungwa, wanawake wa mtaa walikuwa wakija mpaka mlangoni kuinunua, kwa sababu ilisemekana inaongeza damu, na mwaka ule kila mtu aliitaka damu ya ziada. Watoto walikuwa wakila ugali kwa pesa ya managu. Ile ya kwanza ilikuwa inaisha, na mistari ile miwili ilikuwa ya kuanza kuchumwa wiki iliyofuata.

Wabuge alitegemea kutukanwa. Angekubali, angeshukuru hata. Lakini Nakhumicha alililaza jembe chini. Alipiga magoti, akaanza kuokota vimche kimoja kimoja, akikigeuza kuangalia kama kina mzizi. Kisicho na mzizi alikiweka kando. Chenye mzizi alikichimbia shimo kwa kidole, akakirudisha, akakibana udongo pande mbili kwa ncha za vidole kama mtu anayemfunga mtoto kifungo cha shati. Alifanya hivyo haraka, na Wabuge akiwa amesimama juu yake na gambuti zake za tope la bomba, aliona jinsi vidole vile vilivyojua njia. Akaona aibu. Aibu ya barazani ilikuwa moto usoni, ikapita. Hii haikupita.

Cynthia akaweka ubao wake chini, akachutama upande wa pili wa mstari, akaanza kusaidia.

"Mama, hii ulipanda lini?"

"Wiki tatu sasa. Nilinyunyiza mbegu na jivu, ndio isijikusanye pahali pamoja."

"Na mahindi?"

"Mwezi wa nne, tarehe sita. Halafu viwavi vikaingia. Dawa ilikuwa ghali, nikatoa kwa mkono. Asubuhi tatu, kutoka kukicha mpaka saa nne. Naweka kwa mkebe, napelekea kuku."

Maneno yakatoka, wala hakuyatafuta. Alieleza alivyochimba mtaro peke yake mwezi wa kwanza ili maji yasisimame upande wa juu. Alieleza kabeji mia tatu, ngapi zilipasuka, ngapi zilienda kwa ng'ombe, na siku aliyobeba gunia moja kwa miguu mpaka mjini akakuta lango la soko lina mnyororo. Wabuge alikuwa akiyasikia mengine kwa mara ya kwanza. Viwavi vile hasa. Alijaribu kukumbuka Jumapili ya wiki ile ya viwavi alisema nini, akakumbuka.

Cynthia akasimama, akajipangusa magoti. Akachukua fomu, akapiga mstari mmoja mnyoofu juu ya jina la Wabuge, akaandika la Nakhumicha juu yake. Akaomba kitambulisho, akaomba namba ya simu. Kisha akafika chini ya ukurasa.

"Mama, wategemezi uko nao wangapi?"

"Ni nini hiyo?"

"Watu wanategemea hii shamba kula, na hawalimi."

"Watatu," akasema Nakhumicha. Kisha akamwangalia mumewe. Akaliangalia jembe lililolala chini, akaiangalia mistari miwili ya managu, akaziangalia zile gambuti. "Andika wanne."

Cynthia hakucheka. Aliandika nne, akaizungushia duara kwa uangalifu. Aliyecheka ni Mzee Kigen, tena alicheka mpaka akashika nguzo ya ua kwa mikono yote miwili, na ng'ombe wake mmoja akainua kichwa kuangalia kuna nini.

Walirudi nyumbani. Ni baada ya kula, watoto wakiwa nje, Nakhumicha alipouliza. Hakuuliza kwa ubaya.

"Kwani jina yangu ingekuwa na shida gani?"

Wabuge alikuwa na majibu mengi ya kawaida, juu ya vichwa na nyumba. Yote aliyaona hayafai. Akasema ukweli, kwa kuwa ndio uliokuwa umebaki.

Alikuwa na miaka ishirini na tatu baba yake alipowagawia mashamba. Yeye alipewa ekari mbili, nyuma ya boma, na hakuzipanda hata msimu mmoja. Aliuza. Nusu ya pesa ililipa kozi ya ukarani, na nusu akampa mtu aliyekuwa na koti zuri na ahadi ya kazi bandarini Mombasa. Hakumwona tena yule mtu wala koti lake. Tangu hapo, kila aliporudi Bungoma kwa mazishi au harusi, ndugu zake, wenye mahindi yao na miwa yao, walikuwa wakimuuliza, "Na wewe unalima wapi siku hizi?" Na kwao swali hilo si la salamu.

"Ndio nikaanza kusema niko na ekari tatu Eldoret," akamaliza, akiangalia mikono yake.

"Hiyo tatu si yako," Nakhumicha akasema. "Hiyo ni yangu. Kwa mazishi ya mama yako walinizunguka jikoni wakaniuliza, nikawaambia unalima tatu, na unalima vizuri. Sikutaka wakuonee. Wewe ukaisikia huko nje ukaichukua." Akainuka kukusanya sahani. "Lakini hizo zingine saba ni zako. Mimi sikukutuma."

Wabuge akaanza kucheka. Alicheka peke yake kwanza, kisha akamsikia mkewe akicheka pia huko penye sufuria, akiwa amempa mgongo.

Jumatatu alikwenda kwa Mulongo. Alijua Mzee Kigen ameshafika kabla yake, na ni kweli, alipoinama kuingia mlangoni, watu watano walioketi mbalimbali waliinuka pamoja na kumsalimu, "Mtegemezi!" Angeweza kugeuka. Lakini alipoketi na kusikiliza, aligundua kwamba Mzee Kigen alikuwa ameisimulia vibaya. Habari ilianzia kwenye maharagwe. Tarehe nne haikuwamo, wala ile barakoa iliyokuwa kama gunia lenye kuku, wala namna alivyoongeza kasi akidhani anashangiliwa. Karani wa miaka kumi na minne hawezi kuvumilia rekodi yenye mapengo. Wabuge akasukuma kikombe kando, akasimama, akaanza mwanzo. Aliwaonyesha hata jinsi alivyokanyaga tope la bomba. Mulongo alilia machozi, akakataa kulipwa chai.

"Na sasa," mmoja akamuuliza wakiisha kupumua, "mahindi yangu inageuka njano. Niweke nini?"

Wabuge akafungua mdomo. Akaufunga. "Sijui," akasema. "Muulize mama Nanyama."

Yule mtu akaenda kuuliza, na wiki iliyofuata wakaja wengine wawili. Nakhumicha aliwajibu akiendelea na kazi, na kila aliyekuja alijikuta amepewa jembe akijibiwa. Vimche vya managu vilivyorudishwa, zaidi ya nusu vilikufa. Walikula ugali kwa maziwa ya Mzee Kigen mwezi mzima.

Pesa ziliingia mwezi wa nane. Nakhumicha alikuwa akisugua sufuria simu ilipolia. Akajifuta mikono, akasoma, akasoma tena, akasema, "Imefika," akarudi kwenye sufuria. Wabuge alikuwa na mawazo kadhaa kuhusu matumizi ya pesa zile, moja likihusu mashine ya kunyunyizia dawa aliyoisikia redioni. Aliuma ulimi. Nakhumicha alikwenda mjini Burnt Forest akarudi na magunia mawili ya viazi vya mbegu, vimeshaanza kutoa macho, na kilichobaki kikaenda kwa sukari, sabuni na sare ya Nanyama ya siku shule zitakapofunguliwa.

Wakapanda pamoja Jumamosi, wawili tu. Nakhumicha alimpa Wabuge mistari minne upande wa barabara, akamwonyesha mara moja urefu wa shimo, akamwonyesha jicho la kiazi litazame juu, akaenda upande wake. Yeye alimaliza mistari kumi. Wabuge alimaliza minne yake jua likiwa juu kabisa, mgongo ukimlilia, akaenda kuchota maji. Aliporudi alimkuta mkewe ameinama kwenye mmoja wa ile minne, akifukua na kupanda upya.

"Huo ulikuwa na shida gani?"

"Hakuna."

"Ni upi? Wa pili ama wa tatu?"

Nakhumicha alikuwa ameshasawazisha udongo, mistari yote minne inafanana. "Ngoja viote," akasema.

Kwa wiki tatu Wabuge alipita shambani kila asubuhi. Duka lilikuwa limemwita kwa siku tatu za wiki, na hata siku hizo alipitia kwanza huko kuchungulia. Vikaota. Vilitoka kwa tabu, vingine vimelala kando, vingine vimesongana viwili viwili, lakini vilitoka. Na mmoja wa mistari ile minne ulikuwa mzuri kiasi kwamba Wabuge aliinama kuuangalia kwa karibu. Ulikuwa umenyooka kama umepigwa rula, mche na mche hatua sawa, majani manene. Alikwenda mbio kumwita mkewe, akamshika mkono wakaenda mpaka pale.

"Ona huu," akasema. "Mama Nanyama, ona huu kwanza."

Nakhumicha akauangalia kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Huu ndio nilirudia," akasema.